Anayejenga Alipe Kipimo

Tusikubali kuambiwa kwamba vifo vya tetemeko ni bahati mbaya tu. Tarehe 19 Septemba 1985, mjini Mexico City, ardhi laini ya ziwa la kale iliyumba kila sekunde 2 hivi. Majengo ya ghorofa 6 hadi 15, yenye mwendo unaokaribia huo, yalisukumwa kama pembea. Ndiyo yaliyoanguka kwa wingi. Mwendo huo hupimika mapema: hata upepo hulitikisa jengo kiasi cha kutosha chombo. Ati ni ghali! California, tangu miaka ya 1970, hufunga vipimo majengoni kwa ada itozwayo waombao vibali vya ujenzi. Kwa nini basi mpangaji afichwe jinsi nyumba yake inavyoyumba, na mwenye jengo afungie takwimu kabatini?