Milimita moja ya nondo yaweza kugharimu ghorofa zima

MACHI 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, jijini Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, jengo jingine liliporomoka Kariakoo, jijini humo humo, na kuua watu wasiopungua 29.

Maafa ya aina hii aghalabu huwa na chanzo zaidi ya kimoja: msingi dhaifu, saruji haba, ghorofa zilizoongezwa bila hesabu au usimamizi hafifu. Lakini ipo sehemu ya jengo ambayo hakuna anayeiona tena baada ya zege kumwagwa. Sehemu hiyo ni nondo.

Zege huhimili vyema uzito unaolikandamiza, lakini likivutwa hupasuka upesi. Uwezo wake wa kuhimili mvuto ni takriban moja ya kumi tu ya ule wa kuhimili mkandamizo. Boriti inapobebeshwa mzigo, upande wake wa chini huvutwa, na hapo ndipo chuma hufanya kazi ambayo zege haliiwezi.

Tatizo ni kwamba nguvu ya nondo hutegemea unene wake, na hesabu ya unene hudanganya. Nondo inayouzwa kuwa ya milimita 12, kumbe ni ya 11, haijapungua kwa sehemu moja ya kumi na mbili kama wengi wanavyodhani. Imepungua kwa asilimia 16 ya chuma, na nguvu yake hupungua kwa kiasi kama hicho. Viwango vya ubora huruhusu tofauti ndogo ya kiwandani, lakini si kubwa kiasi hicho.

Kwa macho, tofauti hiyo ni vigumu kuitambua. Mizani huitambua mara moja. Mita moja ya nondo ya milimita 12 inapaswa kuwa na gramu 888, na nondo nzima ya mita 12 kilo 10.7 hivi. Ile ya milimita 11 haifiki kilo tisa. Katika nondo 100, mnunuzi hupoteza takriban kilo 170 za chuma alizozilipia.

Mwanya huo unatokana na desturi ya maduka mengi kuuza nondo kwa idadi badala ya uzito. Kwa mauzo ya idadi, kila gramu inayopunguzwa ni faida ya mtu fulani. Kwa mauzo ya uzito, udanganyifu huo usingekuwa na maana.

Kwa miji ya pwani, ipo hatari ya pili. Chumvi ya bahari huharakisha kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Hivyo hulipasua zege kutoka ndani, huku nondo ikizidi kukonda. Nondo iliyoanza ikiwa pungufu haina akiba ya kupoteza.

Ukaguzi wa mamlaka ni wa lazima, lakini hauwezi kufika katika kila kiwanja. Mwenye jengo anayemtaka fundi apime nondo kabla ya kuzifunga hutumia dakika chache. Zege likishamwagwa, nafasi hiyo hairudi.