Kesi ya Nyani na Hakimu Ngedere: Rai Kuhusu Serikali ya Ulimwengu

Wahenga walitutahadharisha kwamba kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Walijua kuwa hakimu aliye na ujamaa na mshtakiwa hawezi kutoa hukumu ya haki, seuze hakimu ambaye ndiye mshtakiwa mwenyewe. Busara hii tunayoikariri madarasani aghalabu hukosekana katika mijadala kuhusu namna ulimwengu unavyopaswa kutawaliwa. Makala haya yanashikilia kwamba serikali ya ulimwengu yenye haki haianzi kwa kugawana viti. Inaanza kwa kumwondolea mwenye nguvu kinga dhidi ya sheria.

Yamkini msomaji atauliza: ya nini kujishughulisha na serikali isiyokuwapo? Jibu ni kwamba sehemu yake ipo tayari. Kifungu cha 25 cha Hati ya Umoja wa Mataifa kinayafunga mataifa wanachama, ambayo leo ni 193, kutekeleza maamuzi ya Baraza la Usalama. Baraza hilo linaweza kuamuru vikwazo vya kiuchumi na hata kuidhinisha matumizi ya nguvu za kijeshi. Hati yenyewe ilitiwa sahihi jijini San Francisco mwaka wa 1945. Kati ya mataifa 51 waasisi, ni manne tu yaliyotoka Afrika: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, na hii ya mwisho ilikuwa mikononi mwa Wazungu wachache. Sehemu kubwa ya bara letu ilikuwa makoloni, na koloni haialikwi kutunga sheria, huletewa.

Kasoro ya mpango huo ilidhihirika waziwazi katika kesi ya Nicaragua. Mwaka wa 1984, nchi hiyo ndogo iliishtaki Marekani mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague kwa kuwafadhili waasi na kutega mabomu katika bandari zake. Tarehe 27 Juni 1986, mahakama iliamua kwamba Marekani ilikuwa imevunja sheria ya kimataifa na kwamba iliwajibika kulipa fidia. Marekani ilikataa. Nicaragua ikapeleka malalamiko yake katika Baraza la Usalama, chombo ambacho kwa mujibu wa Hati ndicho chenye uwezo wa kuhakikisha kuwa hukumu inatekelezwa. Mnamo Oktoba mwaka uo huo, wanachama 11 waliunga mkono azimio la kutaka hukumu iheshimiwe, watatu wakajizuia kupiga kura, na mmoja akapinga. Mpinzani huyo alikuwa Marekani yenyewe. Kwa kuwa ina kura ya turufu, azimio likaanguka. Nyani alishtakiwa, akahukumiwa, kisha akaombwa aidhinishe adhabu yake mwenyewe.

Isidhaniwe kwamba kosa hili ni la taifa moja. Tarehe 25 Februari 2022, siku moja baada ya majeshi yake kuivamia Ukraine kwa wingi, Urusi ilitumia turufu kuliangusha azimio lililoungwa mkono na wanachama 11, Kenya ikiwa mmojawapo. Fauka ya hayo, Baraza la Usalama lina uwezo wa kuwasilisha kesi za mataifa yasiyo wanachama mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kama lilivyofanya kuhusu Darfur mwaka wa 2005. Hata hivyo, watatu kati ya wakubwa watano wa baraza hilo, yaani Marekani, Urusi na China, si wanachama wa mahakama hiyo. Wana mamlaka ya kumpeleka mwingine kizimbani, ilhali wenyewe wana uwezo wa kuzuia wasipelekwe.

Je, Afrika imelijibu vipi tatizo hili? Mwaka wa 2005, Umoja wa Afrika ulipitisha Mwafaka wa Ezulwini, ambao unadai angalau viti viwili vya kudumu pamoja na haki zake zote, kura ya turufu ikiwamo, na viti vitano visivyo vya kudumu. Ni kweli kwamba mwafaka huo unatamka kuwa Afrika inaipinga turufu kimsingi, ila maadamu ipo, haki yataka wanachama wote wa kudumu wapewe. Hoja hii ina mvuto, kwani ni nani asiyechoka kusimama mlangoni wenzake wakila? Lakini tuipime. Viti viwili vitakaliwa na mataifa mawili yenye nguvu. Malawi, Burundi na Djibouti zitapata nini iwapo mtesi wao atakuwa mmoja wa hao wawili? Ngedere wa Kiafrika bado ni ngedere. Kudai sehemu ya dhuluma hakuifanyi dhuluma kuwa haki.

Kwa maoni yangu, serikali ya ulimwengu yenye haki ingesimama juu ya nguzo nne.

Nguzo ya kwanza ni mahakama isiyokwepeka. Leo Mahakama ya Kimataifa ya Haki haiwezi kuisikiliza kesi dhidi ya taifa ambalo halijaridhia mamlaka yake. Ridhaa hiyo iwe sharti la uanachama, na utekelezaji wa hukumu usitegemee kura ya aliyehukumiwa.

Nguzo ya pili ni mipaka ya mamlaka. Mwanafalsafa Immanuel Kant aliliona tishio hili mwaka wa 1795: dola moja inayotawala dunia nzima hugeuka udikteta, kisha vurugu. Hofu hiyo ni halali. Dawa yake tunaifahamu Wakenya, kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba yetu ya 2010 linabainisha kazi za serikali ya kitaifa na zile za kaunti 47. Vivyo hivyo, serikali ya ulimwengu ishughulikie yale tu yanayolishinda taifa moja: vita, tabianchi, bahari kuu na magonjwa yanayovuka mipaka. Shule, ardhi na ndoa haziihusu.

Nguzo ya tatu ni uwakilishi wa mabunge mawili. Katika Baraza Kuu la sasa, Tuvalu yenye watu wapatao 10,000 ina kura moja sawa na India yenye zaidi ya bilioni 1.4. Usawa huo wa mataifa ufae bunge moja, mithili ya Seneti yetu. Bunge la pili liwawakilishe watu, lakini si kwa hesabu ya vichwa pekee, wasije wadogo wakamezwa. Mtaalamu Mwingereza, Lionel Penrose, alipendekeza mwaka wa 1946 kwamba uzito wa kura ufuate kipeuo cha pili cha idadi ya watu. Kwa hesabu ya vichwa, India ingekuwa na wabunge zaidi ya 25 kwa kila mbunge mmoja wa Kenya. Kwa hesabu ya Penrose, ingekuwa na watano hivi. Mkubwa angebaki mkubwa, na mdogo angesikika.

Nguzo ya nne inatuhusu sisi wana-Kiswahili moja kwa moja, nayo ni lugha. Umoja wa Mataifa una lugha rasmi sita: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Kiswahili hakimo, ingawa Nairobi ni makao ya shirika lake la mazingira, na ingawa UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Siku ya sherehe si badala ya kifungu cha sheria. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, Karama anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria. Mtawala dhalimu daima huogopa raia anayeielewa sheria, na raia haielewi sheria iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua.

Wapo watakaosema kwamba wakubwa hawatakubali kamwe, kwani Kifungu cha 108 kinahitaji wote watano waridhie mabadiliko ya Hati. Historia inawakosoa. Mwaka wa 1963, Baraza Kuu lilipopigia kura upanuzi wa Baraza la Usalama kutoka wanachama 11 hadi 15, ni mmoja tu kati ya watano hao aliyeunga mkono. Ufaransa na Muungano wa Kisovieti zilipinga. Marekani na Uingereza zilijizuia. Kufikia mwaka wa 1965, wote walikuwa wameridhia, kwa sababu mataifa yaliyokuwa yametoka ukoloni yalisimama pamoja. Bila shaka kusalimisha turufu ni kugumu kuliko kuongeza viti. Lakini wanyonge walioungana waliwahi kuwasogeza wenye nguvu, nao hawakuwa na turufu hata moja.

Basi Afrika ibadilishe dai lake. Isiombe kuketi pamoja na ngedere. Idai hakimu mwingine.