Chandarua ni cha Mtoto, si cha Bustani

Ndugu wazazi wa Kibondo na Kasulu, adui tunaye nyumbani. Upimaji wa mwaka 2017 ulikuta vijidudu vya malaria kwa karibu mtoto 1 katika kila watoto 4 wa Mkoa wa Kigoma walio chini ya miaka mitano. Tuliongoza Tanzania Bara nzima, na uongozi huo si wa kujivunia.

Vyandarua tumegawiwa, lakini vingine vinafunika miche ya nyanya na vifaranga. Je, kifaranga ni bora kuliko mtoto?

Tusingoje wakubwa kutoka mjini. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Hawakuwa madaktari.

Basi twasema: kila balozi awakutanishe wazazi wa shina lake kabla ya mvua za Novemba. Mtoto na mama mjamzito walale ndani ya chandarua kila usiku. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati siku ile ile akapimwe. Ajuaye kusoma awasomee wenziwe kadi ya kliniki. Taifa halijengwi na makaburi ya watoto.