Bustani ya Ami Aziz: mlango unafungwa upande gani?

Haya, wiki hii bado tuko na Abdulrazak Gurnah, na bado tuko palepale mlangoni. Kwenye kipindi tuliisoma ile sehemu ya sura ya kwanza ya Paradise, riwaya yake ya 1994, ambapo Yusuf, mtoto wa miaka 12, anaiona kwa mara ya kwanza bustani iliyo nyuma ya ukuta wa tajiri Aziz. Mnaosoma kwa Kiswahili mnayo Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022. Kama hujamaliza kitabu, shauri yako, maana mimi naenda mpaka ukurasa wa mwisho.

Wengi wenu mmeisoma bustani ile kama nyumbani. Yaani ile nyumbani ya hadithi za wazee wetu: kivuli, matunda, maji baridi, watu wana heshima zao, halafu Mzungu akaja akaharibu. Naelewa mnapoipata. Mandhari yenyewe inakuvuta huko. Kuna birika katikati, na mifereji minne inatoka humo kwenda pande nne. Mpango huo ni wa zamani sana. Bustani za Kiajemi zilijengwa hivyo, ukaenea katika nchi za Kiislamu, na aliyepita madrasa hata miaka miwili atakumbuka ile mito ya Peponi katika Surat Muhammad: ya maji, ya maziwa, ya mvinyo, ya asali. Tia michungwa na mikomamanga, tia jina la kitabu, ishara imekamilika. Mwalimu wa sekondari hapa Uingereza angekupa alama zako zote.

Lakini hebu tazama mtoto amesimama wapi. Yuko nje. Usiku analala barazani mbele ya duka, yeye na Khalil, juu ya mkeka. Bustani iko hatua chache tu, ila ukuta uko katikati. Gurnah anaziweka pahala pamoja kwa makusudi, duka na bustani, na ukiisoma bustani peke yake umesoma nusu. Dukani ndiko kwenye daftari la madeni. Baba yake Yusuf alikuwa na hoteli katika mji mdogo wa Kawa, akamdai na kudaiwa mpaka akashindwa kumlipa Aziz, basi akamtoa mtoto. Rehani. Kama bangili ya dhahabu unavyoiweka, ila bangili haiulizi itarudi lini nyumbani.

Na mtoto hajui! Yeye anadhani anasafiri na ami yake, yule anayekuja kwao kila mara na kumpa sarafu akiondoka. Khalil ndiye anayemfungua macho: huyu si ami yako, mwite Seyyid. Kwangu mimi hapo ndipo moyo wa sura nzima ulipo, si kwenye makomamanga. Ukoo wote wa Yusuf na Aziz umejengwa juu ya neno moja, na neno lenyewe ni uongo.

Sasa tuseme ukweli wetu. Sisi tuliokulia huku, kila mtu mzima ni ami, kila mwanamke ni shangazi. Tunajivunia, tunawaeleza rafiki zetu wa Kizungu. Na wengi wetu tumekua na binti mmoja aliyeletwa kutoka nyumbani "aje asome", akaishia kulea watoto na kupika futari ya watu ishirini. Hatukumwita mfanyakazi. Tulimwita dada. Ndiyo maana mtu akiniambia bustani ya Aziz ni picha ya nyumbani kabla ya Mzungu, namwambia ndiyo, hasa, ila tazama nani anapalilia.

Anayepalilia ni Mzee Hamdani. Mtumwa wa zamani, alipewa uhuru akaukataa. Hoja yake, kwa maneno yangu: uhuru wangu wamepata wapi wao hata wanipe? Nimeisoma mara nyingi na mpaka leo sijui nimuonee fahari au nilie. Yeye ndiye pekee anayekaa bustanini kwa amani, na hakuna anachomiliki humo. Mwenye nyumba, yule Bibi, mwanzoni haonekani. Ametundika vioo mitini, anamtazama Yusuf kupitia vioo. Peponi gani hiyo mtu anachunguliwa? Na mwenye ile pepo anaishi ndani yake kwa kujificha, anaona haya ya alama usoni mwake. Hata tajiri hana raha.

Nakubali, ukuta ni wa Aziz lakini dunia ya nje si nzuri zaidi. Wajerumani wako njiani kitabu kizima. Mwishoni askari wao wanapita wakikamata vijana, Yusuf na Khalil wanajifungia dukani. Askari wakishaondoka, Yusuf anatoka, anaona mbwa wanavyokula kinyesi walichoacha, na kitu ndani yake kinakatika. Anawakimbilia wale askari. Nyuma yake anasikia kama makomeo ya mlango wa bustani yanafungwa.

Mlango ule ule. Sura ya kwanza ulimzuia asiingie. Ukurasa wa mwisho hauko wazi kumrudisha. Kuna msikilizaji aliuliza kwa nini anakimbilia kwa Wajerumani, ni ujinga? Mimi nasema hakuwa na pa kukimbilia ambapo si rehani ya mtu. Mama mmoja alinijibu kwamba bado ni ujinga, na hatujamaliza ugomvi huo.

Wiki ijayo sura ya pili, mji wa mlimani, kwa Hamid na Maimuna. Mkisoma, msihangaike sana na mandhari ya mlima. Tazameni ghala la Hamid, na mali iliyomo ni ya nani.