Uvishaji pete ndege uwape vijana wa Mponde cheti

Mali bila daftari hupotea bila habari. Msitu nao ni mali, na daftari lake lipo. Mwaka 1987 mtafiti William Newmark wa Marekani alianza kuwavisha ndege pete katika milima ya Usambara. Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa pamoja na wasaidizi wenyeji. Nao msitu wa Mazumbai wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine uko huku huku Bumbuli.

Nyavu nyembamba husimamishwa kati ya miti. Ndege akinaswa hutolewa taratibu, huvishwa mguuni pete nyepesi yenye namba, hupimwa, kisha huachiwa. Akinaswa tena miaka ikipita, namba ile hueleza umri wake. Kwa ndege wanaohama hueleza pia safari: huko Ngulia, Kenya, ndege watokao Ulaya na Asia wamevishwa pete tangu mwaka 1969.

Mkulima anafaidika nini? Mwaka 2021 kumbukumbu za miaka 30 za Usambara zilionyesha kuwa ndege wengi waliochunguzwa wanapungukiwa na uwezo wa kuishi na kuongezeka kadiri joto linavyopanda. Msitu unaowahifadhi ndio unaotunza maji ya chai na mboga zetu.

Kiwanda cha chai cha Mponde kilipofungwa mwaka 2013, tulijifunza hasara ya kutegemea mnunuzi mmoja. Lakini tusidanganyane: kazi ya pete ni ya msimu, hutegemea fedha za utafiti, na peke yake hailishi kaya. Kijana aichukue kama zao la nyongeza, pamoja na kuongoza watalii wa ndege, huku shamba likiendelea.

Tatizo kubwa ni cheti. Uingereza, mvisha pete hufunzwa na mzoefu hadi apewe kibali chake. Kijana wetu anaweza kushika nyavu miaka kumi bila karatasi ya kuonyesha, na kwa mwajiri mwingine akahesabiwa kibarua. Wala asijaribu peke yake, maana kunasa ndege bila kibali ni kosa.

Kwa hiyo serikali za vijiji na Halmashauri ya Bumbuli ziwaombe watafiti mambo matatu: mkataba wa maandishi, ujira unaojulikana mapema, na cheti mwisho wa kazi. Chuo cha Sokoine, chenye msitu na walimu, kianzishe mafunzo mafupi. Ndege amepewa namba inayotambulika kokote aendako. Aliyemvisha naye astahili kutambulika.