Mizani Mara Ngapi? Shauri kwa Wale Waliokwisha Kupunguza Uzito

Kati yetu kuna watu waliofanya kazi ngumu. Mganga aliwaambia: "Uzito wako umepita kiasi. Damu yako inapanda. Sukari inaanza kuharibu mwili wako." Wakasikia. Wakapunguza mawese katika sombe, wakaacha kutia sukari nyingi katika chai, wakapunguza bugali na kuongeza mboga, wakaenda sokoni kwa miguu. Miezi ikapita, uzito ukashuka. Tunafurahi pamoja nao.

Lakini wengi wao wanafikiri kwamba kazi imekwisha. Sivyo. Kupunguza uzito ni kulima. Kuulinda usirudi ni kupalilia. Mtu aliyelima asipalilie, atavuna nini?

Basi wanatuuliza: "Mimi nimekwisha kupungua. Sasa nijipime mara ngapi?" Wengine wanasema kila siku. Wengine wanangoja mpaka siku ya kurudi kwa mganga. Shauri letu ni hili: jipime mara moja kila juma, siku ile ile, saa ile ile, juu ya mizani ile ile, na uandike. Sikilizeni sababu zake.

1. UZITO UNARUDI KIMYAKIMYA

Uzito haurudi kwa kelele. Tufanye mfano. Mama mmoja alikuwa na kilo 92, akafika kilo 80. Amepunguza kilo 12. Sasa anaongeza nusu kilo tu kila mwezi. Nani ataona nusu kilo? Yeye mwenyewe haioni. Mume wake haioni. Lakini kwa mwaka mmoja ni kilo 6, na kwa miaka miwili ni kilo 12. Zote zimerudi, wala hakuna siku moja ambayo mama huyu alisema, "Leo nimeanza kunenepa."

Msiseme, "Nguo zangu zitaniambia." Suruali itasema kidogo, lakini kikwembe hakisemi neno. Kikwembe kinafungwa juu ya mwili wo wote, mnene au mwembamba. Ndiyo sababu mama zetu wanachelewa kujua.

Tena msiwahukumu wale ambao uzito wao umerudi, mkisema ni walafi. Mwili wenyewe unapigana nao. Katika mwaka 2011 waganga wa Australia waliandika habari za watu 50 waliopunguza uzito kwa chakula kidogo sana. Waliwapima damu tena mwaka mmoja baadaye. Wakaona kwamba ile nguvu ya ndani inayoleta njaa ilikuwa bado imepanda, na watu walisikia njaa kuliko kabla ya kupungua. Mwili unafikiri kwamba njaa kuu imeingia nchini, nao unataka kurudisha akiba yake. Kwa hiyo aliyepungua anahitaji mlinzi, na mlinzi huyo ni mizani.

2. MIZANI INAPIMA MAJI PIA

Sasa mtu atasema, "Kama mizani ni mlinzi, nitaipanda asubuhi, mchana na jioni." Hapana, ndugu. Kunywa litre moja ya maji, kisha panda mizani. Utaona kilo moja imeongezeka. Je, umenenepa? Hukunenepa. Maji yale yatatoka.

Vilevile mtu akila makayabo yenye chumvi nyingi jioni, mwili unashika maji, na kesho mizani inapanda. Mwanamke akikaribia siku zake za mwezi, mwili wake unaweza kushika maji. Mtu asiyekwenda choo siku mbili, mizani yake inapanda. Uzito unaweza kwenda na kurudi kilo moja au mbili katika siku chache, na mafuta ya mwili hayakuongezeka hata kidogo.

Mtu asiyejua neno hili anafurahi bure na kulia bure. Leo anasema, "Nimepungua, basi nile sana." Kesho anasema, "Nimeshindwa, basi nile sana." Furaha yake na huzuni yake, zote mbili zinampeleka kwenye sufuria.

Tena kuna wale wanaotafuta kuidanganya mizani. Wanakunywa dawa ya kuharisha, au wanajitia dawa kwa njia ya nyuma, au wanatumia vidonge vya kukojoa bila ruhusa ya mganga. Dawa hizo zinatoa maji tu. Mizani inashuka leo na kurudi kesho kutwa, lakini figo na moyo vinaweza kuumia. Acheni kabisa.

3. KARATA YA MTOTO INATUFUNDISHA

Mama zetu wanaijua karata ya mtoto. Kila mwezi mtoto anapimwa, na muuguzi anatia nukta. Nukta moja haisemi neno kubwa. Lakini nukta nyingi zikiunganishwa zinakuwa njia. Njia ikipanda, mama anafurahi. Njia ikilala, muuguzi anauliza habari za chakula na za homa. Njia ikishuka, mtoto anaangaliwa upesi.

Mtu mzima aliyepungua ni hivyohivyo, ila kwake tunataka njia ilale sawasawa. Asitazame nukta moja. Aitazame njia. Yule mama wa kilo 80 anaandika katika kitabu chake, juma kwa juma: 80, 80 na nusu, 79 na nusu, 80. Hapo hakuna neno. Ni maji yanayokuja na kuondoka. Lakini akiandika 80, 80 na nusu, 81, 81 na nusu, 82, njia yake inapanda. Sasa lazima atende.

Kwa nini juma, wala si mwezi kama mtoto? Kwa sababu mwezi ni mrefu. Kati ya Noeli na mwaka mpya, na arusi moja na matanga mawili, kilo mbili au tatu zinaweza kuingia kabla mtu hajaiona mizani. Kuondoa kilo mbili ni kazi ya majuma machache. Kuondoa kilo kumi ni kazi ya miezi mingi, na wengi wanakata tamaa njiani.

4. RANGI TATU

Huko Marekani, katika jimbo la Rhode Island, watu 314 waliokuwa wamepunguza uzito mwingi walifuatwa kwa miezi 18. Habari zao zilitolewa mwaka 2006. Kundi moja lilipata barua tu, mara nne kwa mwaka. Kundi la pili lilifundishwa kwa njia ya intaneti. Kundi la tatu lilikutana uso kwa uso na walimu. Makundi mawili yaliyofundishwa yaliambiwa kujipima kila siku na kufuata rangi tatu: kijani, manjano na nyekundu. Rangi hizi mama zetu wanazijua katika ule mkanda wa kupima mkono wa mtoto.

Ikawaje? Katika kundi la barua, watu kama 72 kwa kila 100 walirudisha kilo 2.3 au zaidi. Kwa intaneti walikuwa kama 55. Kwa wale waliokutana uso kwa uso walikuwa kama 46.

Basi, wenye kusema "kila siku" wana sababu, wala hatuwakatazi. Mwenye mizani nyumbani na moyo usiofadhaika ajipime kila asubuhi, ila alinganishe juma na juma, asilinganishe jana na leo. Lakini angalieni: watu wale hawakupewa mizani tu. Walifundishwa la kufanya mizani ikipanda. Hiyo ndiyo siri. Mizani bila mpango ni chuma tu.

Wengi wetu hatuna mizani nyumbani. Tunakwenda kwenye dispensari, au kwa mtu mwenye mizani kando ya soko. Kwenda kila siku ni mzigo, na baada ya mwezi mtu ataacha. Shauri jema ni lile ambalo mtu anaweza kulishika miaka kumi. Na mara moja kwa juma si kidogo. Huko huko Marekani, tangu mwaka 1994, kuna kitabu cha kuandika watu waliopunguza kilo 13.6 au zaidi na kuzilinda mwaka mmoja au zaidi. Karibu watatu katika wanne wao wanajipima angalau mara moja kila juma.

Rangi zile tunaweza kuzitumia hivi:

KIJANI: Uzito wako haujapita kilo moja na nusu juu ya uzito wako wa kulinda. Endelea vilevile.

MANJANO: Umepita kilo moja na nusu, lakini hujafika kilo mbili na robo. Jiulize, "Nini kimebadilika?" Labda ni mawese, labda ni bia au soda, labda ni mikate ya kukaanga ya asubuhi, labda umeacha kutembea. Rudisha jambo hilo moja mahali pake.

NYEKUNDU: Umefika kilo mbili na robo au zaidi. Usingoje. Rudi kwa mpango wote uliokupunguza kwanza, na uje kuongea na muuguzi. Usione haya. Kuja na kilo mbili ni busara.

5. NAMNA YA KUJIPIMA

Chagua siku moja. Sisi tunapenda siku ya tatu ya juma, kwa sababu chakula kingi cha Siku ya Mungu na chumvi yake vimekwisha kupita. Jipime asubuhi, baada ya kwenda choo, kabla ya kula na kunywa. Vua viatu na koti. Vaa nguo nyepesi zile zile. Weka mizani juu ya sakafu ngumu, si juu ya mkeka. Angalia kwamba mshale uko juu ya sifuri kabla ya kupanda.

Mizani ya dispensari na mizani ya soko hazisemi sawasawa. Shika moja tu. Andika tarehe na kilo. Asiye na mizani kabisa achukue kamba, aizungushe tumbo juu ya kitovu bila kukaza, afunge fundo mahali ilipofika, na kuilinda. Kila juma ajaribu kamba ile ile. Fundo likishindwa kufika, ajue.

6. MANENO YA WATU

Hapa kuna vita vikubwa kuliko bugali. Katika nchi yetu mtu mnene anaitwa mwenye heri. Mtu akipungua, jirani wanauliza, "Una ugonjwa gani?" Wengine wananong'ona habari za ukimwi. Wengine wanamwambia mume, "Humlishi mke wako." Na mama, ili afunge vinywa vya watu, anaanza kula tena. Damu inapanda tena, na kupanda kwa damu kunaweza kuleta kupooza upande mmoja. Siku ile wale waliosema hawatakuja kumgeuza kitandani.

Ndugu, tusimwambie mtu, "Umekonda," kama kumtukana. Tuseme, "Umefanya vizuri." Nanyi mliopungua, kile kitabu kidogo ni shahidi wenu. Mtu akikuuliza, mwambie, "Nilipunguza kwa shauri la mganga, nami najipima kila juma." Neno limekwisha.

7. WASIOFUATA SHAURI HILI

Mgonjwa wa moyo ambaye miguu yake inavimba na pumzi inakatika ajipime kila asubuhi. Akiongeza kilo mbili katika siku tatu, hayo ni maji, si mafuta. Aje hospitali siku hiyo hiyo.

Mwenye mimba asitake kupungua. Mizani yake ni ya muuguzi wa wajawazito. Mtoto vivyo hivyo.

Anayepungua bila kutaka, juma kwa juma, huku anakula kama zamani, asifurahi. Aje apimwe. Inaweza kuwa kifua kikuu, au sukari, au ugonjwa mwingine unaohitaji dawa upesi.

Na mtu ambaye mizani inamnyima usingizi, anayekataa kula kwa kuogopa namba, aache mizani kwanza, aje tuongee. Mlinzi aliyegeuka kuwa bwana mkali hafai nyumbani.

Basi, wapenzi, tusiogope mizani, wala tusiiabudu. Mizani haina upendeleo, haina masengenyo. Inasema neno moja kwa juma, kisha inanyamaza. Lisikilize, liandike, litendee kazi. Tafuteni kitabu kidogo na kalamu, andikeni tarehe ya juma hili, na kilo zenu mbele yake.