340 ya Kupika

Naanza kwa kukiri: semista hii, kwenye kozi ya mawimbi, mwanga na vimiminika, nilipika data. Nawe uliyepita kozi hiyo usinitazame hivyo, tulikuwa jikoni pamoja.

Jaribio lilikuwa la kutafuta kasi ya sauti hewani. Mnalijua. Bomba la kioo lenye maji, uma sauti wa hezi 512, unagonga, unashusha maji polepole hadi bomba livume. Sisi tulisikia mvumo wa kwanza kwenye sentimita 16.1 na wa pili kwenye 50.2. Tofauti ya hizo mbili ni nusu ya urefu wa wimbi. Izidishe kwa mbili, kisha kwa 512, unapata mita 349 kwa sekunde.

Sasa madesa yote tuliyorithi yanasema 340. Nikafuta 50.2, nikaandika 49.3, jibu likakaa palepale lilipotakiwa. Mwenzangu wa mezani akagoma. "Mimi nimesikia kwenye 50.2. Hiyo 49.3 nani kaisikia?" Nikamwona mbishi tu. Ripoti ziliporudi mimi nina 9 kwa 10, yeye ana 5, na pembeni wino mwekundu: amesoma vibaya.

Wiki iliyopita najisomea mtihani ndipo nikashtuka. Kasi ya sauti hufuata joto la hewa. Kwenye nyuzi sifuri ni kama 331, na kila nyuzi moja huongeza takriban 0.6. Mchana ule feni ilikuwa imekufa na kipimajoto cha ukutani kilisoma 30. Piga hesabu mwenyewe: 331 jumlisha 18. Ni 349! Ile 340 ni ya hewa yenye nyuzi 15, na nyuzi 15 Dar es Salaam labda uzitafute ndani ya friji.

Kwa hiyo aliyepima sawasawa alikatwa alama, na aliyedanganya akapewa.

Na si bomba peke yake. Gliserini tunayodondoshea gololi kwenye jaribio la mnato, ikiwa na nyuzi 30, mnato wake haufiki hata nusu ya ule wa nyuzi 20 ulioandikwa kwenye jedwali. Lakini ripoti zinatoka na namba ya jedwali, darasa zima. (Za lenzi sizitaji, huko tunapika hadi makosa ili yaonekane ya kweli.)

Ugonjwa huu ni wa zamani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona maziwa ya moto ya aiskrimu yakiganda kabla ya yaliyopoa. Alichekwa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, naye akaagiza jaribio lifanyike. Fundi wa maabara akaleta majibu kwamba kweli ya moto yalitangulia kuganda, akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka lipatikane jibu sahihi! Waliliandika wenyewe kwenye makala yao ya 1969. Wanafizikia wanabishania jambo lile mpaka leo, na wanabishana kwa sababu kijana hakubadilisha alichokiona.

Siwalaumu sana wanaosahihisha. Lundo la ripoti ni kubwa na namba moja ya kulinganishia inarahisisha kazi. Ila kinachopimwa hapo si fizikia, ni nani ana madesa mazuri. Nataka karatasi ya kila jaribio iwe na nafasi ya joto la chumba, na alama nyingi ziende kwa maelezo: umepata nini, kwa nini kimetofautiana na kitabu. Mtu akipata 349 akaeleza, apewe zake. Akipata 360 akakiri hajui kwa nini, apewe kitu pia. Na sisi tuache kuwauzia wadogo zetu wa mwaka wa kwanza ripoti zilizokwisha pikwa, maana hiyo biashara tunaijua inavyonoga bumu likichelewa.

Juzi nilimpelekea mwenzangu hesabu hiyo hosteli. Akaiangalia kimya, kisha akaniuliza kama nitamsindikiza kwa mhadhiri kudai alama zake. Kumsindikiza maana yake ni kuweka na ripoti yangu mezani, na ile 49.3 iliyoandikwa juu ya ufutio. Tunaenda Jumatatu.